Arubuni ya harusi ya ng'ambo: karatasi kwanza, ukumbi baadaye

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mazao, viwango vya fedha za kigeni na habari za hisa. Wiki hii naomba radhi, kwani nitazungumzia harusi. Lakini msomaji asigeuze ukurasa haraka, maana harusi ninayoisema ina ankara, ina wakala, ina fedha za kigeni, na imechota mtaji wa duka moja la vipuri pale Gerezani, Dar es Salaam.

Mwenye duka hilo ni mzee ambaye husoma safu hii kila wiki. Alikuja ofisini na bahasha ya karatasi tatu. Binti yake anafanya kazi Dublin, nchini Ireland, na amechumbiwa na kijana wa huko, Mkatoliki kama yeye. Vijana hawataki harusi ifungwe Dublin wala Dar es Salaam. Wanataka Sorrento, kusini mwa Italia, karibu na Naples, mahali ambapo wachumba wa Uingereza na Ireland wamekuwa wakienda kufunga ndoa kwa miaka mingi. Wamempata mratibu wa harusi wa huko, naye ametuma makadirio ya euro 30,000, akitaka nusu ilipwe sasa.

"Mwanangu," mzee aliniuliza, "hii ndiyo biashara yao ya kawaida, au naibiwa?"

Nilimwambia, shikamoo zikiisha, kwamba huenda yote mawili hayapo. Biashara ni ya kawaida, na hakuna anayemwibia. Tatizo ni kwamba anatakiwa kulipia mzigo ambao hati zake hazijatoka.

Tufanye hesabu kwanza. Kwa kurahisisha, tuchukue euro moja kwa shilingi 2,900. Nusu ya makadirio ni euro 15,000, yaani shilingi milioni 43 na nusu. Familia mbili zimekubaliana kugawana, hivyo fungu la mzee ni milioni 21 na robo tatu. Kwa mfanyabiashara wa vipuri hiyo ni sehemu yake katika kontena lijalo. Akiitoa sasa, rafu zitakaa wazi wakati wenzake wanauza.

Sasa tutazame kinachonunuliwa. Katika karatasi zile tatu, nyumba ya kifahari ya karamu imepewa ukurasa mzima. Maua, mpiga picha, gari la kizamani na chakula vimepewa ukurasa wa pili. Kanisa limepewa mstari mmoja tu: uthibitisho unasubiriwa.

Hapo ndipo nilipomwomba mzee aweke kalamu chini.

Ndoa ya Kikatoliki haifungwi kwa kukodi jengo. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1115, wachumba hufunga ndoa katika parokia ambako mmoja wao ana makazi, au ambako amekaa walau mwezi mmoja. Kwenda kwingine kunahitaji ruhusa. Parokia ya Dublin itafanya uchunguzi wa wachumba, itawapeleka kwenye mafundisho ya ndoa, na itakusanya vyeti vya ubatizo na kipaimara pamoja na uthibitisho kwamba kila mmoja yuko huru kuoa au kuolewa. Jalada hilo hupelekwa kwa askofu wao, hupigwa muhuri, kisha huenda kwa askofu wa kule Italia, ndipo linashuka kwa paroko. Paroko asipolipokea hakuna ndoa, hata kama meza zimekwisha kupangwa na waridi zimefika kutoka sokoni.

Mzee alidhani upande wake umekamilika, kwa sababu cheti cha ubatizo cha binti anacho nyumbani, kimewekewa fremu ya kioo. Cheti hicho hakifai kitu. Kinachotakiwa kwa kawaida ni nakala mpya, iliyotolewa ndani ya miezi sita kabla ya ndoa, kwa sababu daftari la ubatizo ndimo ndoa ya Mkatoliki huandikwa. Nakala mpya isiyo na maandishi pembeni ndiyo inayoonyesha kwamba binti hajaolewa. Daftari lenyewe liko katika parokia alikobatizwa, hapa hapa Dar es Salaam, na mtu wa kwenda kupanga foleni ni mzee au mkewe. Mratibu wa Sorrento hawezi kuifanya kazi hiyo, wala hakuitaja katika karatasi zake.

Halafu kuna upande wa serikali. Italia na Kanisa zina mkataba wa mwaka 1929, uliofanyiwa marekebisho mwaka 1984, unaoipa ndoa ya kanisani nguvu ya kisheria papo hapo. Baada ya ibada padri huwasomea maarusi vifungu vya 143, 144 na 147 vya sheria ya madai ya Italia, vinavyohusu haki na wajibu wa mume na mke, hati huandikwa nakala mbili, na moja hupelekwa manispaa ndani ya siku tano ili isajiliwe. Ni utaratibu mzuri. Lakini kifungu cha 116 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mgeni alete tamko la nchi yake kwamba hakuna kizuizi cha yeye kufunga ndoa. Kijana wa Ireland atalipata kwa njia ya serikali yake. Binti bado ni raia wa Tanzania, hivyo lake linaanzia RITA na kupitia ubalozi, pamoja na mihuri na tafsiri. Yote haya yanachukua wiki, pengine miezi, na hayaharakishwi kwa kuongeza fedha.

Kuna jambo jingine ambalo hata binti mwenyewe hakulifikiria hadi baba yake alipompigia simu kutoka ofisini kwangu. Ireland haimo katika eneo la visa ya Schengen. Kibali chake cha kuishi Dublin hakimruhusu kuingia Italia. Bibi harusi mwenyewe anahitaji visa ya kwenda kwenye harusi yake! Simu ilinyamaza kidogo hapo, kisha nikasikia mzee akisema, "Basi usilie, mama, ndiyo maana tunauliza mapema."

Ndiyo sababu nasema nyumba ya karamu isilipiwe kabla ya jalada la kanisa kufika na kukubaliwa. Najua jibu la waratibu. Watasema nyumba nzuri za Juni huwahiwa mwaka mzima kabla, na anayesubiri maaskofu atakosa. Ni kweli. Lakini ukweli huo ni wa mwenye nyumba. Mnunuzi ana ukweli wake: siku ya ukumbi inaweza kubadilika bila siku ya kanisa, ila siku ya kanisa haiwezi kubadilishwa kwa sababu umelipia ukumbi. Anayeagiza bidhaa nje anaijua tofauti hiyo. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili zake anayelipa fedha yote kabla ya kuona hati ya shehena, eti kwa sababu meli inakaribia kujaa.

Tukija kwenye neno arubuni, hapa naomba msomaji akae vizuri, maana ndipo fedha zinapopotelea. Sisi kwa Kiswahili tunasema arubuni, kishika tarehe, malipo ya awali, na mara nyingi tunayachanganya. Waitaliano hawachanganyi. Sheria yao ya madai, kifungu cha 1385, inaitambua arubuni iitwayo caparra confirmatoria. Aliyeitoa akivunja mapatano, aliyeipokea anabaki nayo. Aliyeipokea akivunja yeye, aliyeitoa anaweza kudai arudishiwe mara mbili. Kifungu kinachofuata, cha 1386, kinahusu caparra penitenziale, ambayo ni bei ya kujitoa tu: ukighairi unaipoteza, na mwenzako akighairi anarudisha maradufu, na shauri limekwisha. Tena kuna acconto, ambalo ni fungu la bei lililotangulizwa bila ulinzi wa namna hiyo.

Katika karatasi za mzee neno lililotumika lilikuwa la Kiingereza, likiwa na maana ya amana isiyorudishwa. Isiyorudishwa na nani, na kwa kosa la nani? Halikusema. Iwapo mwenye nyumba atapata mteja tajiri zaidi siku ile ile, mzee hana la kushika. Ushauri wangu ulikuwa mmoja: mwandikieni mratibu kwamba mtalipa mara mkataba utakapoandikwa caparra confirmatoria, ukitaja kiasi, siku na mwenye nyumba kwa jina lake. Mwenye nyumba mwaminifu hana sababu ya kulikataa neno ambalo limo katika sheria ya nchi yake.

Kwa bahati mbaya binti alikuwa amekwisha kulipa euro 1,500 za kushika tarehe, miezi miwili kabla, kwa kadi, akiwa amekaa kitandani kwake Dublin usiku. Hakuna mkataba, kuna barua ya shukrani tu. Fedha hizo nilimwambia mzee azihesabu kuwa zimekwenda, na hakufurahi.

Sasa je, mratibu hafai? Hapana, na hapa natofautiana na jamaa zangu wengi wanaodhani kazi hiyo ni ulaji mtupu. Ofisi ya parokia ya Italia yaweza kufunguliwa saa chache tu kwa siku, na aliyemo huzungumza Kiitaliano. Padri wa Dublin akitaka kuja kufungisha ndoa mwenyewe, anahitaji barua ya wakubwa wake na idhini ya paroko wa mahali, la sivyo ndoa ina kasoro. Nyimbo za kanisani lazima paroko azikubali. Muziki wa karamu unalipiwa haki za watunzi kwa chama chao kiitwacho SIAE, kabla ya karamu, na asiyelipa anaweza kutozwa faini. Mtu anayeyafuatilia haya kwa mwaka mzima anastahili malipo, na malipo mazuri.

Ugomvi wangu ni namna anavyolipwa. Mratibu wa mzee anataka asilimia 12 ya gharama zote. Kwa euro 30,000 hiyo ni euro 3,600. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya Italia, wao huiita IVA, asilimia 22, yaani euro 792. Jumla 4,392. Kodi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa tatu, kwamba bei zote hazina IVA. Lakini kodi ni jambo dogo kuliko asilimia yenyewe. Ukimlipa mtu kwa asilimia ya matumizi yako, umemwajiri akutumie fedha. Maua yakiongezeka kwa euro 2,000, yeye anaongeza 240 bila kuinuka kitini. Akikupatia mpiga picha wa bei nafuu, anajipunja. Na kama mpiga picha huyo naye anamrudishia kitu pembeni, jambo ambalo si geni katika biashara yoyote ya uwakala, basi anakula kwa vijiko viwili.

Wakala wa forodha hatumlipi hivyo. Tunamlipa ada yake kwa kazi, kisha anatuletea stakabadhi za kila alicholipa bandarini, moja moja. Mratibu wa harusi naye alipwe vivyo hivyo: ada iliyokatwa mapema, kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza anapoanza, la pili paroko anapothibitisha tarehe kwa maandishi, la tatu baada ya harusi. Wengine watakataa. Wapo watakaokubali, hasa kwa siku ambazo si Jumamosi ya Juni.

Ikumbukwe pia kwamba nchini Italia kazi hii haina daftari la serikali kama la wanasheria au wahasibu. Iko chini ya sheria namba 4 ya mwaka 2013 inayohusu taaluma zisizo na daftari hilo, hivyo yeyote anaweza kuamka na kujiita mratibu wa harusi. Mwenye biashara halali, hata hivyo, ana namba ya kodi, partita IVA, yenye tarakimu 11, na kampuni huandikishwa katika chemba ya biashara ya mkoa. Kuiomba namba hiyo si matusi. Mratibu wa mzee aliitoa siku hiyo hiyo, na nilianza kumheshimu.

Tuje kwenye kamati. Hata harusi ya Sorrento imeundiwa kamati Dar es Salaam, ina mwenyekiti, mweka hazina, na daftari la michango. Michango inaingia kwa shilingi, madeni yako kwa euro, na katikati kuna muda. Mwaka 2024 dola ya Marekani ilifika karibu shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa mwenye deni la dola 10,000, tofauti hiyo ni shilingi milioni tatu. Aliyenunua dola kwa hofu kipindi cha katikati aliumia, aliyesubiri alipona, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Kamati si mahali pa kubahatisha. Kila fungu la deni linapojulikana tarehe yake, nunueni euro zake kidogo kidogo mchango unapoingia, ziwekwe katika akaunti ya fedha za kigeni yenye saini mbili. Na ahadi isiandikwe kuwa ni fedha. Nimeona daftari la kamati hiyo: zaidi ya nusu ni ahadi, nyingine za wajomba ambao kila mtu anawafahamu.

Idadi ya wageni nayo ina hatari yake. Karamu imekadiriwa kwa wageni 80, euro 130 kila sahani, na karatasi inasema hicho ni kima cha chini, kitalipwa wafike wasifike. Kati yao 14 wanatoka Tanzania. Ada ya visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, kwa hiyo watu 14 ni euro 1,260, na atakayenyimwa visa harudishiwi. Kila mmoja anatakiwa awe na bima ya angalau euro 30,000. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari. Maana yake ni kwamba mzee anaombwa athibitishe sahani mwaka mmoja kabla, wakati jibu la visa litakuja wiki chache kabla. Kama wote 14 watakwama, euro 1,820 za chakula zimeliwa na sahani tupu. Kima cha chini kiwe 60, na nyongeza ithibitishwe siku 30 kabla. Hilo nalo liliandikwa kwenye barua.

Barua yenyewe tuliiandika pamoja, binti akaipitia, ikatumwa. Majibu yalichukua siku tisa. Mratibu alikubali ada iliyokatwa, ila akaipandisha kidogo kuliko mzee alivyotaka. Kima cha chini kikawa 65. Jumamosi ya Juni ikapotea, akachukua mwingine. Iliyobaki ni Alhamisi moja ya Septemba, na nyumba ya karamu siku hiyo ni nafuu kwa karibu robo. Zile euro 1,500 zilihesabiwa kuwa zilishika tarehe iliyoachwa, kwa hiyo hazikurudi. Kwa upande wa fedha mzee ameridhika. Kwa upande wa nyumbani ana kesi, kwa sababu mama wa bibi harusi na dada zake hawajapata kusikia harusi ya Alhamisi, na shangazi mmoja ameuliza kama kijana ana kasoro gani.

Kabla sijafunga, neno kwa wenye mitaji midogo. Biashara hii ina upande wake wa pili, nao uko Zanzibar. Wageni kutoka Italia ni wateja wa siku nyingi wa hoteli za pwani ya Unguja, na miaka ya karibuni wameongezeka wale wa Poland, nchi yenye Wakatoliki wengi sana. Baadhi yao wanataka ndoa. Waratibu wetu wengi wanawauzia ufukwe, jua linapotua na maua. Lakini kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki wawili ifungwe katika kanisa la parokia, na mahali pengine ni kwa ruhusa ya askofu. Mteja Mkatoliki anayeuziwa ufukwe anapata picha nzuri na ndoa ambayo Kanisa lake halitaiandika. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko Mji Mkongwe, minara yake miwili inaonekana kutoka baharini. Anayeweza kuandaa jalada, kuandikiana na parokia ya Milano au Krakow, kufuatilia notisi ya ndoa kwa mujibu wa sheria za hapa, na kumtafutia mteja padri anayesema lugha yake, hahitaji hoteli wala boti. Anahitaji ofisi ya chumba kimoja, mtu wa lugha, na uvumilivu wa kukaa kwenye benchi za ofisi za watu. Sijaona wengi wanaoifanya.

Mzee alipita tena Jumatatu. Safari hii alikuwa na stakabadhi ya arubuni ya nyumba, euro 3,000, fungu lake likiwa nusu, na neno caparra confirmatoria limeandikwa kama tulivyoomba, chini ya barua ya paroko inayoitaja ile Alhamisi. Kontena lake ameliagiza. Alichokuja kuuliza ni kama suti inayoshonwa Kariakoo inaweza kuvaliwa Italia mwezi Septemba bila kumtoa jasho.